Nimekuta sindano nisiyoijua kwenye dumu la taka la duka langu la dawa za mifugo

Wakuu, salaam kwenu wote, wenye bando la kununua na mnaosomea wifi ya ofisi wakati bosi ametoka.

Ninachoandika hapa si chai. Kimetokea kwangu, nyumbani kwangu, na aliyefanya ujinga mwingi ndani yake ni mimi mwenyewe. Mkipenda mnitukane, ila msome mpaka mwisho kwanza.

Niko Usagara, hii hii ya njia panda. Nina duka la dawa za mifugo. Nimesomea mifugo ngazi ya cheti, kwa hiyo mbali na kuuza dawa huwa naitwa vijijini kuchanja na kutibu. Ng'ombe, mbuzi, kuku, hata mbwa wa watu nachoma. Sindano ndiyo inayonilisha. Ukinionesha sindano iliyotumika nakwambia ilikuwa ya mnyama gani, na kama aliyechoma alikuwa anajua kazi au alikuwa anabahatisha.

Mke wangu, hapa nitamwita Mama Neema, ni Mhaya wa Muleba. Wahaya mnawajua, hata chumvi wanaweza kuomba kwa Kiingereza. Huyu wangu ni tofauti kidogo, mkimya. Ni fundi cherehani, anashona sana sare za shule. Tuna watoto watatu, wote wa kike.

Huyo wa tatu nusura aondoke na mama yake.

Alimwaga damu baada ya kujifungua mpaka tukakimbizwa mjini hospitali. Kaka yake alitoa damu, mimi nikatoa, na bado ikaonekana haitoshi. Nakumbuka nilikaa kwenye benchi nikiangalia viatu vyake nilivyovibeba mkononi, sijui kwa nini nilibeba viatu. Alipona. Siku ya kuruhusiwa daktari alituita wote wawili, akasema kwa Kiswahili chepesi kabisa kwamba huyu mama apumzike kuzaa, tena apumzike sawasawa, maana mimba nyingine inaweza kumwondoa.

Nilisikia. Nikisema sikusikia nitakuwa nawapigia chai.

Akaanza sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi mitatu, kwenye zahanati ambayo siitaji. Na mimi, wakuu, nilijiona mume wa mfano. Kadi yake ya kliniki nilikuwa naitunza mimi dukani. Kwenye kalenda yangu ya ukutani, ile ninayoandika tarehe za chanjo za wateja, niliandika na za kwake. Juu ng'ombe wa mzee fulani, chini yake "M.N.", chini yake tena kuku wa mwalimu. Siku ikifika namwambia, "Mama Neema, kesho sindano." Anaenda. Wateja wakiona nawaeleza kwa kujisifu kabisa.

Yeye alikuwa haisemi hiyo kalenda. Aliitazama tu akipita.

Sasa, baba yangu alishafariki. Kwetu Usukumani jina la mzee halilali hivi hivi, linatafutiwa mtoto. Kaka zangu wote wana watoto wa kiume lakini kila mmoja alishatoa jina la upande wa mkewe au la babu mwingine, na mama yangu akashika msimamo kwamba jina la mzee litoke kwangu. Mama anaishi Sengerema. Zamani alikuwa akitaka kuja lazima apange safari, avuke kwa kivuko, apige simu. Siku hizi na hili daraja jipya unashtukia tu yuko mlangoni na kuku mkononi.

Kila akija ni wimbo mmoja. "Mwanangu, mzee anauliza." Mzee amekufa lakini anauliza.

Mimi nikaanza kulegea. Nikawa najiambia madaktari nao huwa wanatisha watu, mbona fulani alitoka damu na akazaa tena wawili. Hapo nilikuwa natafuta ruhusa kwa mtu ambaye hayupo. Mwenye mwili niliyekuwa nalala naye kitanda kimoja sikumuuliza hata siku moja.

Nikaificha kadi.

Niliiweka ndani ya boksi la dawa ya minyoo ya mbuzi, rafu ya juu kabisa. Siku yake ilipokaribia akaniomba kadi, nikamwambia siioni. Akaenda zahanati bila kadi. Nesi wa pale akamwambia bila kadi hawezi kujua alichomwa lini, arudi na mzee wake, yaani mimi, waje waandikishe upya. Akarudi kunieleza. Nikamwambia nitapata nafasi wiki ijayo. Wiki ijayo nikawa na chanjo kijijini, na iliyofuata nayo hivyo hivyo.

Aliniuliza mara tatu kama kadi haijaonekana. Mara tatu nikajibu haijaonekana. Siku moja nilimwona anainua godoro, anafungua makopo ya unga, anakung'uta daftari za watoto moja moja, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa chai. Niliendelea kunywa chai.

Baada ya hapo hakuuliza tena. Nikajua nimeshinda.

Mwezi ukapita, miwili, mitatu. Hakuna kitu. Nikampigia mama kumwambia avute subira. Miezi mitano, kimya. Miezi sita nikaanza kujiangalia mimi mwenyewe.

Hapa mcheke, nimewaruhusu. Mimi ni mtu wa mifugo. Jike asiposhika mimba tunamwangalia jike, halafu tunamwangalia dume. Jike wangu kazaa mara tatu, hana shida. Kwa hiyo shida ni dume. Nikaanza mihogo mibichi na karanga kila asubuhi. Nikapunguza bodaboda kwa sababu nilisikia joto la injini linaharibu. Nikajikaza nikaenda mjini, maabara moja Nyamagana, nikapimwa. Mnajua wenyewe kile kikopo wanachokupa na kile chumba. Majibu yakatoka, yule dada akaniambia niko vizuri sana. Alisema "sana" kwa sauti, foleni nzima ikasikia.

Nikarudi nyumbani nimechanganyikiwa zaidi.

Na mke wangu muda wote huo ananiletea karanga. Ananimenyea na mihogo.

Miezi tisa tangu nifiche kadi ndipo likatokea la dumu.

Dukani nina dumu la njano la lita tano, la mafuta ya kula, nimelitoboa kifunikoni. Ndilo la kutupia sindano zilizotumika. Likijaa nalipeleka sehemu wanakochoma taka za hospitali. Siku hiyo lilianguka, kifuniko kikafunguka, zikamwagika. Nikaanza kuziokota kwa koleo. Katikati ya sindano zangu nikaona kidude.

Ni kidogo kuliko kidole gumba. Kina kifuko cha plastiki laini kilichobanwa bapa, na kisindano kifupi mbele. Hakina bomba wala namba ninayoijua. Nikaona na kingine, halafu cha tatu.

Wakuu, kwanza nilikasirika kikazi. Nikajua kuna mteja ananunua dawa kwingine halafu anakuja kutupa taka kwangu. Nikavibeba kwenye kopo mpaka kwa rafiki yangu, naye ni mtaalamu wa mifugo, ana duka mjini. Nikamuuliza hii chanjo mpya ya vifaranga imeingia lini nchini, mbona sisi hatujaletewa?

Akageuza kimoja kwa kibanio, akasoma maandishi.

"Kaka, hii si ya kuku. Hii ya mama zetu. Wanajichoma wenyewe, ya uzazi wa mpango."

Nikamwambia asante. Nikapanda gari la kurudi Usagara. Dukani kwangu ni watu wawili tu wanaoweza kufika mpaka nyuma ya kaunta, lilipo dumu, mimi na anayeniletea chakula cha mchana.

Siku hiyo alileta ugali na sato wa kuchemsha. Nikaweka lile kopo la vidude mezani pembeni ya sahani. Nikategemea atashtuka. Hakushtuka.

"Vyangu," akasema. "Nesi alisema vitupwe kwenye kitu kigumu chenye kifuniko, watoto wasichezee. Hapa ndiyo nilijua pana dumu."

Nikamuuliza tangu lini. Akanieleza kama anayesoma risiti. Alienda Butimba kupeleka sare za watu, mteja wake mmoja akamwambia kuna kituo mjini wanafundisha hiyo ya kujichoma. Akaenda. Wakampima presha, wakamuuliza maswali, wakamweleza kwamba anaweza kuona damu isiyo na ratiba, kwamba haizuii magonjwa, na kwamba akipata shida arudi. Akajichoma ya kwanza mbele ya nesi ili aonekane anaweza. Akapewa nyingine za kwenda nazo nyumbani, na tarehe zake akaandika yeye mwenyewe, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Hakuna aliyemwambia arudi na mzee.

Nikamwambia, "Umenificha miezi tisa."

Akasema, "Na kadi iko kwenye boksi la dawa ya minyoo."

Kumbe siku moja nilikuwa kijijini, akamuuzia mtu dawa ya mbuzi, akaikuta humo. Akaiacha pale pale.

Nikajikakamua. Nikamwambia basi tumetoka sare, wewe umenificha, mimi nimekuficha, yaishe.

Hapo ndipo alipoacha kukusanya vyombo.

"Hatujatoka sare, Baba Neema. Wewe ulificha kitu changu. Mimi nimeficha kitu changu." Halafu akasema, "Uliniandika kwenye kalenda katikati ya ng'ombe na kuku, nikanyamaza, nikasema ndivyo anavyojua kupenda. Lakini mimi sichomwi wala sinyimwi na mwenye zizi."

Akabeba sahani, akaondoka. Samaki sikummaliza.

Nilikaa na hasira siku kama nne. Nisiwadanganye kwamba nilielewa hapo hapo. Niliandika meseji kwa shemeji yangu Muleba kwamba waje wamchukue dada yao, nikaifuta. Nikaandika nyingine kali zaidi, nikaifuta. Kilichoniuma zaidi, niseme ukweli, zilikuwa zile karanga. Mtu ananimenyea karanga na anajua hazina kazi.

Siku ya tano nikakumbuka viatu. Vile nilivyokaa navyo kwenye benchi la hospitali. Nikakumbuka pia kwamba siku ile nilikuwa namwomba Mungu aniachie huyu mama tu, mengine sitaki. Halafu akaniachia, na mimi nikaenda kuficha kadi. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Nilimwomba msamaha jikoni, anachambua mchicha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, alisema amesikia. Nikaona hata hiyo nimepewa bure.

Wiki mbili baadaye tarehe yake ikafika. Hakunificha tena, alikaa kitandani mchana, mlango wazi. Nikamwomba niangalie, akasema angalia. Akanawa mikono. Akakitikisa kile kidude, akabonyeza kifuniko cha sindano mpaka kikajibana, akakitoa, akabana ngozi ya tumbo chini ya kitovu, akaingiza, akaminya kifuko taratibu huku anahesabu kimoyomoyo. Midomo ilikuwa inatembea.

Mimi mikono ikaniwasha. Kazi ya sindano imefanyika nyumbani kwangu na mimi nimekaa tu! Nikanyoosha mkono nimsaidie kushika ile ngozi. Akausogeza mkono wangu pembeni, kwa upole, bila kuniangalia, akaendelea kuhesabu.

Alichoma vizuri. Namsemea kama mtaalamu, mkono haukutetemeka.

(Naona wengine mtauliza, je, ni salama mtu kujichoma? Mimi ni daktari wa ng'ombe. Mke wako akitaka aende akaulize kituo cha afya, wapo wanaofaa na wasiofaa, na nesi atamfundisha kwanza. Na msije dukani kwangu kuiulizia, siuzi.)

Sasa sehemu ya mwisho, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Jumamosi moja mama akatokea mlangoni na kuku wake. Mama Neema akampokea, akapiga goti, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," chai ikawekwa. Mama hakukaa sana kabla ya kuanza. Mzee anauliza. Mbona kimya? Kama kuna shida kuna mtu anamjua Geita.

Nikaona hapa ndipo pa kuwa mwanaume. Nilishajipanga siku nyingi. Nikakohoa, nikasema, "Mama, tuliache hilo. Mimi ndiye niliyeamua huyu apumzike. Ukimlaumu, nilaumu mimi."

Niliisema vizuri. Nilitegemea mke wangu atanishukuru hata kwa macho.

"Hapana, mama," Mama Neema akasema. "Huyu ananifunika tu. Niliyeamua ni mimi. Najichoma mwenyewe. Yeye alikuwa hajui."

Nilimwangalia kama mtu aliyekataa mwavuli wakati mvua inanyesha. Mwanamke wa kwetu kumwambia mama mkwe maneno hayo usoni ni kesi ya ukoo. Nikaanza kuhesabu kaka zangu wangapi wataitwa.

Mama akaweka kikombe chini. Akamgeukia Mama Neema.

"Unajichoma wapi?"

"Tumboni, mama. Hapa."

"Inauma?"

"Kidogo. Inapita."

"Na huyu," akaninyooshea kidole bila kunitazama, "hakujua kabisa?"

"Miezi tisa."

"Miezi tisa!"

"Alikuwa anakula karanga, mama."

Mama akaanza kucheka. Si kucheka kwa heshima, alicheka mpaka khanga ikamtoka begani, akajifuta machozi kwa ncha yake. Mke wangu naye akashindwa kujizuia. Mimi nimekaa katikati yao na chai yangu.

Nikauliza kinachochekesha ni nini.

Mama akapumua. Akamgeukia mke wangu, si mimi, akamwambia, "Mimi vyangu vilikuwa vidonge. Sista mmoja wa zahanati ndiye alinipa. Nilikuwa naviweka kwenye kihenge, chini ya mtama, maana mwanaume haingizi mkono kihengeni. Nilikuwa nimezaa saba, wawili nimezika. Nilikuwa nimechoka, mwanangu." Halafu akasema, "Baba yake naye hakujua."

Mimi ni wa saba. Baada yangu hakuzaliwa mtu.

Nimekua nikijua kwamba mama yangu alirogwa. Ndivyo baba alivyotueleza. Alizunguka na mama kwa waganga miaka, Geita, Shinyanga, mpaka Tabora alifika, ng'ombe watatu waliondoka zizini kwa hiyo kazi. Kuna jirani hatusalimiani na watoto wake hadi leo kwa sababu yeye ndiye alitajwa. Na mama alikuwa anapanda gari na baba, anaenda, anachanjwa chale, anarudi, anaingia kihengeni.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mzee. Akanijibu kwa swali, "Ningemwambia, wewe ungekuwa kitinda mimba?"

Hakuna aliyezungumza jina la mzee tena siku hiyo. Jioni alipoondoka alimshika Mama Neema mkono muda mrefu kuliko alivyonishika mimi.

Nilichojifunza hakijakaa sawa sana kichwani, nawapa kilivyo. Kwanza nilidhani kumsapoti mke ni kumkumbusha tarehe. Halafu nikadhani ni kumkinga kwa wazazi. Zote mbili bado nilikuwa nimekaa mimi kwenye usukani. Kazi yangu sasa nimeambiwa ni mbili, kupeleka dumu likijaa, na kunyoosha mambo na wale watoto wa jirani. Nimeshaenda mara moja, hawakunifungulia. Nitarudi.

Karibuni, maoni yoyote napokea, na matusi nimeyazoea. Ila ningeomba nisikie zaidi kutoka kwa vitinda mimba wenzangu. Mama akiwa hai, muulizeni taratibu, mkiwa wawili tu. Nahisi tupo wengi humu ambao baba zetu walikufa wakiamini kuna mchawi.